Biashara za eneo, shule za jamii na ushirikiano wa kikanda: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na wenye maduka na karakana, viongozi wa vyama vya ushirika, wajumbe wa kamati za shule na wazazi. Tumeyajibu tunavyoyaona, na pale tunapoegemea upande mmoja tumesema wazi. Msimamo wetu mmoja utauona umepita kote: biashara inayoifaa shule ni ile inayorudi mwaka wa pili na wa tatu na kile ilichoahidi, hata kama ni kidogo. Inayokuja mara moja na tarumbeta mara nyingi huiachia shule gharama.

Mnaposema shule ya jamii, ni shule ya namna gani?

Inategemea nchi. Nchini Zambia ni shule zilizoanzishwa na wazazi, makanisa na mashirika, hasa kuanzia miaka ya 1990, mahali ambapo shule ya serikali ilikuwa mbali au imejaa. Sheria ya Elimu ya mwaka 2011 inazitambua. Kenya ilikuwa na shule za harambee baada ya uhuru wa 1963. Tanzania ina sekondari za kata, zilizoongezeka kwa kasi kuanzia 2006, nguvu za wananchi zikiunganishwa na fedha za serikali. Japani, tangu 2004, sheria inaruhusu shule ya umma kuwa na baraza ambalo wakazi na wazazi wana sauti katika uendeshaji. Hapa tunazungumzia shule yoyote ambayo watu wanaoizunguka wanaweza kuihoji na kusikilizwa.

Biashara yetu ni ndogo. Tunaweza kutoa nini ambacho kampuni kubwa haiwezi?

Ukaribu. Fundi mwenye karakana mtaa wa pili ndiye anayejua kwamba paa la darasa linavuja kwenye kona ya nyuma, na ndiye anayeweza kufika Jumamosi na bati moja na misumari. Kampuni yenye makao makuu mji mwingine ingehitaji barua, kikao na tathmini, na mvua ingekuwa imeshapita.

Watu wengi wakisikia "kusaidia shule" wanafikiria fedha taslimu. Fedha zinahitajika, lakini mwenye biashara ndogo ana vitu vingine ambavyo shule haiwezi kuvipata kirahisi: kazi ya mikono, usafiri wa gari linalorudi tupu, bei ya jumla, nafasi ya kijana kujifunza kazi, na muda wa mtu mwenye ujuzi. Hili la mwisho halithaminiwi inavyostahili. Mhasibu wa duka akikaa kwenye kamati ya fedha ya shule saa mbili kwa mwezi, kamati inapata mtu anayejua risiti halali inafananaje na anayeweza kuuliza, bila kumvunjia mwalimu mkuu heshima, kwa nini rangi imenunuliwa mara mbili.

Mfanyabiashara anapata nini? Tuseme ukweli.

Anapata wafanyakazi na wateja, na hakuna aibu kulisema hilo. Sisi tunamwamini zaidi anayesema wazi kuwa anahitaji vijana wanaojua kupima na kuandika ankara kuliko anayedai anatoa kwa mapenzi tu. Wa kwanza ana sababu ya kurudi mwakani.

Wazo hili si geni. Wafumaji na mafundi 28 wa mji wa Rochdale, Uingereza, walifungua duka lao la ushirika mwaka 1844, na baadaye wakatenga asilimia 2.5 ya ziada yao kwa ajili ya elimu, wakawa na maktaba na chumba cha kusomea magazeti. Si vigumu kuona kwa nini: mwanachama asiyeweza kusoma daftari la hesabu hawezi kulilinda duka lake. Ukiangalia kanuni saba za ushirika zilizopitishwa na muungano wa kimataifa wa vyama vya ushirika mwaka 1995, tatu za mwisho zinagusa mada hii moja kwa moja: ya tano ni elimu na mafunzo, ya sita ni ushirikiano baina ya vyama vya ushirika, ya saba ni kujali jamii. Kiongozi wa ushirika anayeuliza kama kusaidia shule ni kutoka nje ya kazi yake anaweza kuanzia hapo.

Shule ya mtaani kwetu inahusiana vipi na ushirikiano wa kikanda? Hayo si mambo ya marais?

Marais husaini. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulisainiwa Arusha tarehe 30 Novemba 1999 na kuanza kutumika tarehe 7 Julai 2000. Itifaki ya Soko la Pamoja ikaanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, na ndani yake mna kifungu cha nchi wanachama kutambuliana vyeti vya elimu na taaluma. Wahasibu, wasanifu majengo na wahandisi walishafikia makubaliano yao ya kutambuana. Hizo ni taaluma zenye bodi zenye nguvu. Kijana aliyejifunza kuchomelea vyuma katika shule ya ufundi hana bodi ya kumsemea, na akivuka mpaka anakutana na mwajiri anayeuliza swali moja tu: huyu alifundishwa nini, na nani?

Hapo ndipo biashara za eneo zinapoingia. Wenye karakana wa pande mbili za mpaka wakikaa na walimu wa shule mbili na kukubaliana kwamba kijana wa mwaka wa pili lazima awe ameweza kazi hizi na hizi, tayari wamefanya sehemu ya kazi ambayo itifaki imeiacha kwenye karatasi. Hawahitaji ruhusa ya ikulu kukubaliana juu ya orodha ya stadi.

Mfano mzuri uko kwenye bonde la juu la mto Rhine, Ufaransa inapopakana na Ujerumani. Makubaliano ya mwaka 2013 yalimwezesha mwanagenzi kusoma nadharia na kufanya mtihani katika nchi yake, huku akijifunza kazi kwa vitendo katika kampuni ya nchi jirani. Mamlaka za pande zote, chemba za biashara (vyombo rasmi vya wenye biashara wa eneo) zikiwemo, zilitia saini. Umoja wa Ulaya nao una mpango wa kugharimia miradi ya mipakani, Interreg, ulioanza mwaka 1990. Lakini fedha za mradi zingeenda bure kama pasingekuwa na kampuni upande mmoja zinazotafuta vijana, na vijana upande wa pili wanaotafuta nafasi.

Na kanda si lazima iwe nchi mbili. Wilaya mbili zinazotegemea soko moja, au vijiji vilivyo kwenye bonde moja la mto, ni kanda ya kutosha kuanzia.

Wachuuzi wadogo wa mpakani wana nafasi yoyote katika hili?

Wanayo, na mara nyingi wao ndio wanaoufahamu ushirikiano wa kikanda kuliko maofisa. Katika Afrika Mashariki kuna utaratibu rahisishi wa forodha kwa mizigo midogo: bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa na zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, hupitishwa kwa cheti chepesi cha uasili, yaani cha kuonyesha bidhaa imetoka wapi, kinachotolewa pale pale mpakani. Mchuuzi anayekijua cheti hicho analipa kinachostahili na kudai haki yake. Asiyekijua huishia kwenye njia za panya au kutoa chochote.

Sasa fikiria kipindi kimoja cha somo la biashara ambapo mchuuzi anakuja darasani na cheti chake chenyewe, anawaonyesha wanafunzi wapi panaandikwa aina ya bidhaa na wapi thamani, kisha wanapiga hesabu ya mzigo wake wa juma lililopita. Gharama yake ni asubuhi moja. Wanafunzi wanaondoka na kitu ambacho wazazi wao watakitumia jioni hiyo hiyo.

Kumpeleka mwanafunzi karakana si kumfanyisha kazi mtoto?

Inaweza kuwa hivyo, na wenye kuuliza wana haki ya kuhofu. Mkataba namba 138 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1973, unataka umri wa kuanza kazi usiwe chini ya umri wa kumaliza elimu ya lazima, wala chini ya miaka 15, ingawa nchi ambazo uchumi na elimu yake haijaendelea vya kutosha zinaweza kuanza na 14. Kazi za hatari ni miaka 18. Mkataba huo huo unaruhusu kazi inayofanywa kama sehemu ya mafunzo, shuleni, au mahali pa kazi kwa aliyefikisha miaka 14, chini ya masharti yaliyowekwa na mamlaka. Mkataba namba 182 wa mwaka 1999, unaopiga marufuku aina mbaya kabisa za kazi za watoto, uliridhiwa na nchi zote 187 wanachama ilipofika 2020. Sheria ya nchi yako inaweza kuwa kali zaidi, isome kwanza.

Ukitaka kujua kama kijana anafundishwa au anatumikishwa, omba daftari lake la kazi. Kwenye daftari la mwanagenzi halisi utakuta tarehe, kazi aliyofanya, kifaa alichotumia, kosa alilosahihishwa, na saini ya fundi pembeni. "Jumanne: kukata bomba kwa kipimo, mara ya kwanza nilikata fupi, fundi akanionyesha kuacha nafasi ya kiungio." Kwenye daftari la anayetumikishwa utakuta "kufagia" siku tano mfululizo, au hutakuta daftari kabisa.

Karakana yangu ina kazi za aina moja tu. Nitamfundishaje mtu fani nzima?

Usimfundishe peke yako. Ujerumani, ambayo mfumo wake wa kijana kugawana juma kati ya shule na kampuni husifiwa sana, ina sheria inayoruhusu kampuni kadhaa kuungana na kumfundisha mwanagenzi mmoja: huyu ana mashine, yule ana wateja, wa tatu anajua hesabu. Mkataba unabaki mmoja na mwajiri anayewajibika anajulikana. Mtihani husimamiwa na chemba, si na mwajiri mwenyewe, na hilo ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu mwajiri hawezi kumpa cheti mpwa wake.

Tahadhari moja. Watu wengi hutaka kuuiga mfumo huo mzima. Sheria yake ya mafunzo ya ufundi ni ya mwaka 1969, na mazoea yaliyoko chini yake yana umri wa karne kadhaa za vyama vya mafundi. Chukua kipande kinachokufaa.

Je, kuna sheria inayoilazimisha kampuni kusaidia jamii?

Kwa biashara ndogo, kwa kawaida hakuna. Kwa kubwa zipo baadhi ya nchi. India, kupitia kifungu cha 135 cha Sheria ya Kampuni ya mwaka 2013, inazitaka kampuni zinazofikia kiwango fulani cha mtaji, mauzo au faida kutumia angalau asilimia 2 ya wastani wa faida ya miaka mitatu iliyopita kwa shughuli za kijamii, elimu ikiwemo, na kulipa kipaumbele eneo zinakofanyia kazi. Kinachowahusu wafanyakazi wa kampuni na familia zao peke yao hakihesabiwi. Mauritius nayo, tangu 2009, ina sharti la asilimia 2 ya mapato yanayotozwa kodi.

Tanzania imechukua njia nyingine kwenye madini. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2017 yanamtaka mwenye leseni kuandaa kila mwaka mpango wa uwajibikaji kwa jamii unaokubaliwa na halmashauri ya eneo husika. Tunaupenda utaratibu huu kwa sababu ya neno "kila mwaka" na kwa sababu kampuni haipangi peke yake. Udhaifu wake ni kwamba halmashauri isiyojua inachotaka itakubali chochote kilicholetwa mezani. Kamati ya shule iliyoandika mahitaji yake mapema, kwa mpangilio na makadirio, ndiyo itakayosikika kwenye kikao hicho.

Mchango kwa shule unapunguza kodi?

Katika nchi nyingi ndiyo, kwa masharti. Tanzania, mchango unaopitia Mfuko wa Elimu ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2001 unaweza kuondolewa kwenye mapato yanayotozwa kodi, na Mamlaka ya Elimu Tanzania ndiyo inayotoa hati ya kuutambua. Uganda inaruhusu zawadi kwa taasisi zinazostahili hadi asilimia 5 ya mapato yanayotozwa kodi. Muulize mshauri wako wa kodi kabla ya kutoa. Mchango uliotolewa mkononi kwa mwalimu mkuu, bila risiti, haupunguzi chochote, na unamweka mwalimu mahali pabaya.

Shule kununua chakula kwa wakulima jirani kunahesabika kama msaada wa biashara?

Tunakihesabu kuwa bora kuliko misaada mingi, kwa sababu fedha inazunguka pande zote mbili. Brazil ndiyo ya kuangaliwa hapa. Sheria namba 11,947 ya mwaka 2009 iliagiza kwamba angalau asilimia 30 ya fedha za serikali kuu za chakula cha shule zitumike kununua moja kwa moja kwa wakulima wa kilimo cha familia, huku jamii za wenyeji asilia, za uzao wa watumwa waliojikomboa na za walowezi wa mageuzi ya ardhi zikipewa kipaumbele.

Asilimia hiyo ndiyo inayonukuliwa kila mahali, ila siri iko kwenye utaratibu wa manunuzi. Zabuni ya kawaida inamtaka mzabuni awe na dhamana, nyaraka nene na uwezo wa kuleta mzigo mkubwa kwa mara moja. Mkulima mdogo hashindi zabuni ya namna hiyo hata awe na mavuno mazuri kiasi gani. Sheria ya Brazil iliruhusu kuiacha zabuni na kutumia tangazo la wazi, mradi bei ilingane na ya soko la eneo. Kwa hiyo nchi au halmashauri inayotangaza "tununue kwa wakulima wetu" bila kugusa kanuni za manunuzi inatangaza tu. Afrika nayo, kupitia Umoja wa Afrika, ina Siku ya Chakula Shuleni kila tarehe 1 Machi tangu 2016, na msisitizo ni huo huo wa chakula kinacholimwa karibu.

Kwa wenye biashara kuna kazi katikati: kusafisha, kupanga madaraja, kuhifadhi, kusafirisha. Shule haitapokea mizigo midogo midogo kutoka kwa wakulima arobaini kila asubuhi. Ushirika au duka la jumla linaloweza kuikusanya, na kumlipa mkulima kabla hela ya serikali haijafika, ndilo linalofanya mpango utembee. Malipo yakichelewa, wakulima huikimbia mipango ya aina hii.

Mfanyabiashara akijenga darasa, linakuwa la nani?

La shule, na liandikwe hivyo kabla msingi haujachimbwa.

Historia ina mfano mkubwa. Julius Rosenwald, aliyekuwa mkuu wa kampuni ya Sears, Roebuck, alishirikiana na Booker T. Washington, mwalimu mweusi aliyeongoza chuo cha Tuskegee, kujenga shule kwa watoto weusi wa kusini mwa Marekani, waliokuwa wakibaguliwa na serikali za majimbo. Hadi 1932 zilikuwa zimejengwa shule 4,977 katika majimbo 15. Masharti yake yalikuwa magumu: jamii ichangie, iwe kwa fedha, mbao, ardhi au nguvu kazi, na mamlaka ya elimu ya eneo iichukue shule na kuiendesha. Hata ramani zilifikiriwa kwa makini. Kwa kuwa vijiji vingi havikuwa na umeme, madirisha yalipangwa makubwa, mashariki na magharibi, ili mwanga wa jua utoshe kusomea.

Angalia hesabu. Kati ya takriban dola milioni 28 zilizotumika, mfuko wa Rosenwald ulitoa kama milioni 4.3. Wananchi weusi wenyewe walitoa kama milioni 4.7, kupita mfuko. Sehemu kubwa kuliko zote, zaidi ya nusu, ilitoka kwenye kodi. Fedha ya tajiri ilikuwa chambo cha kuivuta hazina ya umma itimize wajibu wake. Na mfuko ulipangwa utumie mtaji wake wote na kufungwa, ukafungwa mwaka 1948, shule zikiwa mikononi mwa mamlaka za umma.

Basi wafanyabiashara wakisaidia, serikali haitakaa pembeni?

Hilo ni tatizo la kweli, na mfano uliotangulia unalionyesha vilevile. Watu weusi wa kusini walikuwa wakilipa kodi kama wengine, kisha wakachangishwa mara ya pili ili wapate shule ambazo watoto weupe walipewa bila mchango. Zilisaidia sana watoto, na bado walioonewa walilipa mara mbili.

Kipimo tunachotumia ni hiki: mishahara ya walimu, vyoo, maji na usalama wa majengo ni vya serikali, na biashara ikivigusa iwe kwa dharura na kwa maandishi kwamba ni dharura. Kompyuta, mafunzo ya kazi, michezo, safari za kujifunza na vitabu vya ziada ni uwanja wazi. Wapo wenzetu wanaodhani mstari huu ni mkali mno, hasa pale ambapo watoto hawana choo leo. Wana hoja. Jenga choo, lakini barua ya kuikumbusha halmashauri itoke siku hiyo hiyo.

Michango ya wazazi ni jambo jingine na isichanganywe na hili. Tanzania ilipoondoa ada hadi kidato cha nne kuanzia 2016, miongozo iliweka wazi kwamba mtoto asizuiwe kusoma kwa sababu mzazi hajachanga. Kanuni hiyo iheshimiwe hata pale biashara imesema itaweka fedha kulingana na zile zitakazochangwa na wazazi.

Tumeahidiwa kompyuta. Kuna la kuuliza, au tushukuru tu?

Ulizeni. Kompyuta ishirini zikishushwa kwenye chumba chenye soketi mbili na dirisha lisilofungika, shule imepewa kazi ya ulinzi, bili ya umeme na vumbi. Muulizeni mtoaji nani atalipa umeme mwaka wa kwanza, nani atazitengeneza, programu zina leseni ya miaka mingapi, na ni mwalimu gani atafunzwa. Mtoaji makini hachukizwi na maswali haya. Mara nyingi atapunguza kompyuta ziwe kumi na hela iliyobaki iweke vyuma vya madirisha.

Mfadhili anataka nembo yake ukutani na kwenye sare. Tukubali?

Kibao kidogo cha shukrani mlangoni kinatosha. Sare, madaftari ya mazoezi na jina la shule havikodishwi.

Baadhi ya bidhaa zikataliwe moja kwa moja. Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku, unaotumika tangu 2005, unazitaka nchi wanachama kupiga marufuku matangazo na ufadhili wa tumbaku. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba mahali watoto wanapokusanyika, shule zikiwemo, pasiwe na matangazo ya aina yoyote ya vyakula na vinywaji vyenye mafuta mabaya, sukari au chumvi nyingi. Friji la bure lenye rangi za kinywaji cha sukari ni tangazo, hata likiitwa msaada.

Mmiliki wa duka linaloiuzia shule vifaa anaweza kuwa mjumbe wa bodi?

Anaweza, mradi atangaze maslahi yake na atoke nje ya chumba manunuzi hayo yanapojadiliwa, na muhtasari uandike kuwa alitoka. Asipotaka kutoka, achague moja.

Shule yetu inapata kila kitu kwa sababu iko barabarani. Ya jirani haipati kitu. Tufanyeje?

Hili ndilo linalowasumbua wengi, na hapo ushirikiano wa kikanda unakuwa na maana ya kila siku. Wafadhili hupenda shule inayofikika kwa gari na inayopendeza kwenye picha. Matokeo yake shule moja ina maktaba mbili na ya bonde la pili haina hata rafu.

Dawa iliyo karibu ni mfuko wa pamoja wa shule za eneo zima, unaoendeshwa na chemba ya biashara au chama cha ushirika pamoja na wawakilishi wa kila shule. Kila biashara inaweka kiasi chake, na mgawo unafuata idadi ya wanafunzi na hali ya shule. Wafadhili wengi hawaupendi mwanzoni, kwa kuwa jina lao linazama. Njia ya kati ipo: mfadhili achague shule moja, ila sehemu ya mchango wake, tuseme robo, iingie kwenye mfuko wa pamoja. Vifaa ghali, kama vya maabara au mashine za ufundi, vikae kwenye shule moja na vitumiwe na zote kwa ratiba iliyobandikwa. Ratiba isiyobandikwa hugeuka haraka kuwa ya shule mwenyeji peke yake.

Makubaliano yaandikwe vipi? Hatuna mwanasheria.

Ukurasa mmoja unatosha, kwa lugha ambayo wazazi wanaisoma. Kwa mfano:

"Karakana itapokea wanafunzi wawili wa mwaka wa tatu kila muhula, kwa miaka mitatu. Wanafunzi hawatafanya kazi kabla ya saa mbili asubuhi wala baada ya saa kumi jioni. Fundi msimamizi atasaini daftari kila siku. Shule itamtuma mwalimu kukagua kila baada ya juma moja. Karakana itatoa glavu na miwani. Upande wowote unaotaka kusitisha utatoa taarifa ya muhula mmoja."

Sentensi ya mwisho ndiyo watu husahau, nayo ndiyo inayoiokoa shule biashara inapoyumba.

Na biashara ikifungwa kweli?

Inatokea, hasa kwa ndogo. Shule inayomtegemea mfadhili mmoja kwa jambo moja iwe na jina la pili kwenye orodha tangu mwanzo, ndiyo sababu nyingine ya kupendelea biashara tano zinazotoa kidogo kuliko moja inayotoa vyote. Vifaa vilivyokwisha kukabidhiwa kwa maandishi ni vigumu kufuatwa na wadai wa mfadhili. Vilivyoachwa kwa kauli tu vinaweza kubebwa na dalali mchana kweupe, na mwalimu mkuu asiwe na karatasi ya kumwonyesha.